Mrama si Kuzama



Hebu fungua daftari lolote la insha katika shule hii. Kabla hujamaliza ukurasa wa pili utakutana na maneno haya: "Mambo yalimwendea mrama." Mwizi amekamatwa, mrama. Harusi imevunjika, mrama. Mtahiniwa ameanguka, mrama tena! Lakini mwulize mwandishi, "Mrama ni nini?" Atakujibu, "Si ni kuharibika tu?" La hasha!

Mrama ni neno la mabaharia. Chombo kinapopigwa na mawimbi ubavuni, kikawa kinalalia upande huu mara upande ule, husemwa kinakwenda mrama. Huko chomboni ndiko neno lilikotoka likaja nchi kavu, likatumiwa kwa biashara, ndoa na masomo yanayoyumba. Si neno la pekee la namna hiyo. Tiara ikikatika uzi huenda arijojo, nasi leo twasema hata mipango imekwenda arijojo. Waingereza nao wana neno lao "stagger" kwa mtu anayepepesuka. Asili yake ni lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambako maana yake ilikuwa kusukuma. Kwa hiyo ndani ya neno lao kuna msukumo, na ndani ya letu kuna wimbi.

Wapo wenzetu wanaodai ati Kiswahili cha namna hii ni cha Wapwani, sisi wa Kisumu tunakikariri kwa ajili ya mtihani tu. Jamani! Nani aliye na haki zaidi ya neno hili kuliko mtoto wa ziwani? Nenda Dunga upepo ukiwa mkali uangalie mashua za wavuvi zinavyorudi. Panda feri ya Luanda K'Otieno kwenda Mbita siku ya mawimbi. Utauona mrama kwa macho yako, na tumbo lako litakueleza yaliyobaki.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Chombo kinachokwenda mrama hakijazama. Kiko taabani, ndiyo, lakini bado kuna la kufanya. Nahodha hugeuza omo ikabili wimbi, tanga hushushwa, maji hufuliwa, abiria huambiwa waketi, na shehena ikibidi hutoswa. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Cha mrama kinao! Sisi tumelichukua neno la hatari tukalifanya neno la msiba. Mwenzetu akipata D ya hesabu muhula wa kwanza, utamsikia, "Zangu zimeenda mrama, basi." Basi nini? Hapo ndipo pa kushika usukani: kumwona mwalimu, kuacha soga za usiku, kuomba msaada kwa anayejua.

Na si masomo tu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili letu. Kilikuwa cha kubeba watu 100. Waliokufa walikuwa 228. Chombo kilichojazwa kupita kiasi hakingoji dhoruba. Mrama kidogo tu wakitosha. Basi mwanafunzi anayejua maana ya mrama, akiona mashua imejazwa watu na magunia na hakuna jaketi za kuokolea maisha, atasema "Mimi sipandi" kabla haijang'oa nanga.

Huenda mtu akaniambia lugha hubadilika, na leo mrama ni kuharibika. Nakubali, wala simwombi mwalimu yeyote aikate sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Ninachoomba ni kwamba ukiandika "mrama" uone chombo, wimbi na watu walio ndani. Insha yako itapata uhai, maana utalazimika kutueleza waliomo walifanya nini. Je, walikaa wakilia, ama walifua maji?

Basi wenzangu, mambo yakienda mrama, shikeni usukani. Kiswahili hoyee!