Kijana akisikia sauti, tusimfiche

Jambo hili halizungumzwi barazani, wala harusini, wala kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Lakini nyumba nyingi zinalijua. Kijana wa miaka 18 au 20, mwenye adabu zake na masomo yake, anaanza kubadilika. Usiku halali. Wenziwe hataki kukaa nao. Chakula anakinusa kwanza, anakhofu ametiliwa kitu. Mara anasema majirani wanamsema, mara anamjibu mtu ambaye sisi hatumuoni.

Hapo nyumba inaanza kunong'ona. Bibi anasema ni jicho. Khalati anasema amepagawa. Baba anasema ni uvivu na simu tu. Mwisho linakuja lile shauri linaloumiza watu wawili kwa pamoja: "Mwozesheni, atatulia." Au tiketi ya Unguja inakatwa, akasomewe huko mbali na macho ya watu. Wiki zinakuwa miezi.

Madaktari wanaiita hali hii saikosisi: mtu hawezi tena kupambanua kilichopo na kile ambacho akili yake inamletea. Mara nyingi huanza katika ujana. Inatibika. Lakini utafiti wa miaka mingi umeonyesha kuwa mtu akikaa muda mrefu bila ya matibabu, kupona kwake nako kunakuwa kugumu zaidi. Ndio maana Uingereza, mwaka 2016, iliweka kiwango kuwa zaidi ya nusu ya wanaopatwa kwa mara ya mwanzo waanze matibabu ndani ya wiki 2 baada ya kupelekwa kwa wataalamu. Sisi tunakaa miezi sita tukiita sitara.

Wengi wetu tukisikia matibabu tunafikiria sindano, na vidonge vya kumsinziza mtu mchana kutwa. Dawa zina nafasi yake, na mtu asiziache bila ya kauli ya daktari wake. Lakini ipo na tiba ya mazungumzo, ambayo kwetu haijulikani sana. Miongozo ya afya ya Uingereza inataka mgonjwa apewe tiba hii pamoja na dawa, yeye na mtaalamu peke yao, kwa vikao visivyopungua 16. Familia nayo ina vikao vyake, visivyopungua 10.

Mazungumzo gani? Si mawaidha. Mtaalamu hamwambii kijana "hakuna sauti, unajitia", wala hamkubalii kuwa majirani wanamfanyia njama. Anamuuliza. Sauti zinakuja saa ngapi? Zinasema nini? Ukikesha zinazidi? Jana ulipozipuuza, kilitokea nini? Polepole kijana anaona kuwa sauti ikimuamrisha si lazima aitii, na kuwa lile aliloliamini linaweza kuwa na maelezo mengine. Pengine sauti zisiondoke zote, lakini khofu inapungua, na wengi wanarudi masomoni na kazini.

Na sisi wazee tuna la kujifunza. Uchunguzi uliofanywa London miaka ya 1970 ulionyesha kuwa mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama na makelele, maradhi humrudia upesi zaidi. Vikao vya familia vinafundisha hayo: kusema kwa upole, neno moja kwa wakati, kutobishana naye usiku kucha, na kuzijua dalili za mwanzo zikirudi.

Hatusemi watu wasiwasomee watoto wao. Dua hatuiachi, na Mtume (SAW) mwenyewe ametuhimiza kutafuta dawa. Asomewe leo, na kesho asubuhi apelekwe kwa daktari. Lakini anayemfunga kijana kamba au kumpiga kwa kudai anamtoa jini, huyo anamdhulumu, na mzazi anayemlipa anashiriki dhulma hiyo.

Liko na suala la lugha. Kijana aliyezaliwa Maskati au London atajieleza kwa Kiarabu au Kiingereza; mama yake labda machungu yake anayajua kwa Kiswahili tu. Mlioko Uingereza, ombeni mkalimani, ni haki yenu. Msimtumie mdogo wake wa miaka 12 kufasiri maneno mazito ya kakake. Kwa Omani, anzeni kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Al Masarra, Amerat, ndiyo ya maradhi haya. Na tunawaomba wakuu wa afya wawapangie siku maalumu wataalamu wanaozungumza Kiswahili, wazikalishe familia na kuzisikiliza.

Ikiwa sauti zinamwambia ajidhuru au amdhuru mtu, msingoje miadi. Pigeni simu ya dharura saa ile ile: 9999 Omani, 999 Uingereza.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mtoto akivunjika mguu, mtaa mzima unajua na chungu za supu zinaingia mlangoni. Huyu aliyejifungia chumbani naye ni mgonjwa kama yule. Leo usiku gonga mlango wake, kaa naye, muulize anasikia nini, na umsikilize mpaka amalize.