Joto la Hospitali Lisimwagwe Mtaroni

Agizo la Serikali kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kuanzia mwisho wa Januari 2024 lilikuwa agizo la haki. Mwananchi wa Kisarawe hahitaji kuelezwa sababu, maana ameiona misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ikikatwa mwaka hadi mwaka ili Dar es Salaam ipate mkaa. Lakini tunaona lipo jambo linalosahauliwa. Kuacha kuni na kutumia gesi au dizeli hakuzibi bomba linalovuja.

Hospitali haipiki chakula tu. Hufua mashuka, na husafisha vyombo vya upasuaji kwa mvuke wa nyuzi joto 121. Hospitali ya Tumbi, Kibaha, ambayo ni ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, iko kando ya barabara ya Morogoro na hupokea majeruhi wa ajali usiku na mchana. Mahali kama hapo vyombo visiposafishwa, daktari hawezi kushika kisu. Kwa hiyo hatusemi hata kidogo kwamba hospitali zipunguziwe joto. Tunasema joto lililokwisha kulipiwa lisitupwe.

Na hutupwa wapi? Anayetaka kujua azunguke nyuma ya hospitali zenye boila, popote nchini. Mara nyingi atakuta bomba la mvuke liko uchi: lilivuliwa pamba yake ya kuzuia joto siku fundi alipoziba tundu, halikuvishwa tena. Atakuta mvuke uliokwisha kutumika umegeuka maji ya moto yanayomwagwa mtaroni, na wakati huo huo boila inajazwa maji baridi. Wataalamu wanasema maji yanayoingia yakiongezwa joto kwa kila nyuzi 6, mafuta hupungua kwa kiasi cha asilimia 1. Maji yale ya mtaroni aghalabu yana nyuzi 80 au zaidi. Msomaji apige hesabu mwenyewe.

Ndani ya boila nako hujengeka ukoko mweupe, kama ule wa birika la chai, unaozuia moto usiyafikie maji sawasawa. Ama ufuaji, hauhitaji mvuke; maji ya nyuzi 70 yanatosha, na jua la Pwani linaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo juu ya paa.

Pamba ya bomba haina sherehe ya ufunguzi wala utepe wa kukata. Labda ndiyo sababu inasahauliwa. Lakini fedha ya mafuta yanayopotea ingeweza kununua dawa na glavu.

Kila mganga mfawidhi ampe fundi wake wa boila daftari, aandike kila siku mafuta yaliyotumika na maji yaliyoingia. Wakaguzi wa OSHA wanapokuja kupima usalama wa boila, waonyeshwe na daftari hilo. Na kabla fedha ya boila mpya haijaombwa, wahusika wathibitishe kwanza kwamba mabomba ya ile ya zamani yamevikwa.