Kasumbalesa ikifungwa, bukari inapanda bei: Congo na Zambia zinahitaji meza ya kudumu

Kutoka Likasi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni zaidi ya kilomita 200, na mji wa Lubumbashi uko katikati. Ni safari ndefu kwa kamyo, hasa barabara inapojaa. Lakini unga wa bukari inayopikwa jioni Kikula, Panda au Shituru mara nyingi umepita kwenye mpaka huo, na shaba inayotoka viwandani hupita mlango huohuo kwenda Durban au Dar es Salaam. Kwa hiyo mambo ya nchi za nje, ambayo watu wengi huyaona kuwa kazi ya wakubwa wa Kinshasa, yanaingia katika kila nyumba ya Likasi.

Yaliyotokea Agosti 2024 yanafaa kukumbukwa kabla hayajarudi. Serikali ya Congo ilipiga marufuku kuingiza bia na vinywaji baridi kutoka Zambia. Madereva na wafanyabiashara upande wa Kasumbalesa wakaandamana, barabara ikaziba. Zambia nayo ikasema haikupewa taarifa rasmi ya uamuzi huo, na tarehe 10 Agosti waziri wake wa biashara, Chipoka Mulenga, akatangaza kufunga kwa muda mipaka mitatu kwa mara moja: Kasumbalesa, Sakania na Mokambo. Siku chache baadaye wajumbe wa nchi zote mbili wakakaa pamoja na milango ikafunguliwa.

Kinshasa na Lusaka waliliita jambo dogo lililokwisha kwa mazungumzo. Ni kweli lilikwisha haraka. Lakini kamyo zilizolala barabarani zilikuwa zimebeba bidhaa za watu, na mchuuzi anayenunua kwa mkopo hasamehewi deni kwa sababu mawaziri wamepatana. Tena ugomvi huo ulikuja katika mwaka mbaya. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alikuwa ametangaza ukame kuwa janga la taifa, na mavuno ya mahindi ya Zambia yakashuka kwa takribani nusu. Jimbo la Haut-Katanga, ambalo halilimi mahindi ya kulitosha, tayari lilikuwa linahangaikia unga. Mtu mwenye njaa akifungiwa mlango wa duka hawezi kuambiwa kwamba ni kwa siku chache tu.

Nani alikosea? Kila upande una sehemu yake. Congo ina haki ya kulinda viwanda vyake. Bia za Simba na Tembo zinatengenezwa Lubumbashi na wafanyakazi Wacongomani, na nchi isiyotengeneza hata kinywaji chake haiwezi kutafutia vijana wake kazi. Hakuna ubaya katika lengo hilo. Ubaya uko katika namna: uamuzi unaogusa jirani ulitolewa kana kwamba jirani hayupo. Zambia nayo ilikuwa na haki ya kulalamika, lakini kufunga mipaka mitatu kwa sababu ya chupa za soda ni kumpiga mchuuzi wa mahindi kwa kosa la mtu mwingine. Na Zambia imezoea kuzuia mahindi yake kutoka kila mara hali inapokuwa ngumu nyumbani, hata kama inajua fika nani anayategemea.

Kuna wanaosema Katanga ni mnyonge katika uhusiano huu na haina la kufanya ila kuomba. Ramani inasema vingine. Kwa mkato uliochorwa na wakoloni, kipande cha Congo kinaingia ndani ya Zambia kama ulimi upande wa Sakania. Mzambia anayetoka Luapula kwenda miji ya Copperbelt kwa njia fupi hupita daraja la Chembe, akakanyaga ardhi ya Congo, kisha akatokea Mokambo. Nyaya za umeme kutoka Lubumbashi zinaungana na za Kitwe. Viwanda vya Zambia vinauza sehemu kubwa ya bidhaa zao Katanga. Na mavuno ya Zambia ya mwaka 2025 yalikuwa makubwa kupita kiasi, zaidi ya tani milioni 3.6 za mahindi, ambazo zinahitaji mnunuzi. Jirani huyu anahitaji mlango ukae wazi kama Likasi inavyouhitaji. Isitoshe, Walamba, Wabemba na Walala wako pande zote mbili, na wengi wana mashangazi na wajomba ng'ambo. Mpaka wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,000 hauwezi kulindwa kwa minyororo. Unalindwa kwa masikilizano.

Masikilizano hayo yalikaribia kuvunjika vibaya zaidi Machi 2020, askari wa nchi hizi mbili walipofyatuliana risasi upande wa Moliro, katika eneo la Moba, karibu na ziwa Tanganyika. Congo iliishtaki Zambia kwa kukalia vijiji vyake. Kilichosaidia ni kwamba kulikuwa na mahali pa kupeleka shauri. Nchi zote mbili ni wanachama wa SADC, jumuiya ikaingia kati, mkataba wa mpaka wa mwaka 1989 ukatolewa kabatini, na mwaka huohuo Zambia ikakubali kuondoa askari wake. Risasi zilipata meza ya kuzizungumzia. Ajabu ni kwamba bia na mahindi, vinavyovuka mpaka kila siku, havikuwa na meza ya namna hiyo mwaka 2024.

Wazee wa Likasi wanajua gharama ya ugomvi wa majirani kuliko vijana. Mwaka 1975 vita vya Angola vilipowaka, Mobutu aliunga mkono kundi la FNLA dhidi ya MPLA ya Agostinho Neto. Treni za Benguela zilizokuwa zikipeleka shaba ya Katanga bandari ya Lobito zikasimama. Ikabaki njia ya kusini kupitia Zambia, na ile ndefu ya ndani: reli hadi Ilebo, mto hadi Kinshasa, kisha reli tena hadi Matadi. Machi 1977 wapiganaji waliokuwa wamekaa Angola wakavuka na kuingia Shaba, na Mei 1978 wakarudi na kuiteka Kolwezi. Ni baada ya damu hiyo ndipo Mobutu na Neto wakakubaliana, mwaka 1978, kwamba kila mmoja aache kuwafuga maadui wa mwenzake. Mapatano yalikuja, lakini reli haikuja nayo. Ilipita miaka 40 na zaidi kabla mizigo ya Congo haijaanza kupita tena kwenda Lobito, mwaka 2018. Kijana aliyeajiriwa kwenye reli mwaka 1975 aliona njia hiyo ikifunguka akiwa mzee. Ugomvi wa mwaka mmoja ulikula maisha yake yote ya kazi.

Majirani wengine duniani wameonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuwa mabaya zaidi, na mfano mmoja una uhusiano na Likasi yenyewe. Tarehe 3 Januari 1963 waliovuka mto Lufira na kuingia mjini hapa, wakati ule ukiitwa Jadotville, walikuwa askari wa India chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, siku za mwisho za Katanga ya Moïse Tshombe. Miaka mingi baadaye, askari wa India na wa Pakistan walifanya kazi katika jeshi moja la Umoja wa Mataifa huko Kivu. Watu wa nchi hizo mbili walikuja kulinda amani ya Congo bega kwa bega, na kwao hawajaweza kuishi kama majirani tangu walipogawanywa mwaka 1947.

Wamepigana mwaka huo wa 1947, 1965, 1971 na 1999. Mwaka 2019 India ilipandisha ushuru wa bidhaa za Pakistan hadi asilimia 200, kisha Pakistan ikasimamisha biashara. Aprili 2025, baada ya watalii kuuawa Pahalgam, Kashmir, mpaka wa Attari na Wagah ukafungwa kabisa, na Mei wakapigana kwa siku nne kwa makombora na ndege. Jumuiya yao ya SAARC, iliyoanzishwa mwaka 1985, haijawakutanisha marais na mawaziri wakuu tangu mkutano wa Kathmandu wa 2014. Watu zaidi ya bilioni moja na nusu wanaishi pande mbili za mpaka ambao bidhaa karibu hazipiti.

Lakini katika uadui huo kulikuwa na kitu kimoja kilichofanya kazi kwa muda mrefu. Mwaka 1960 nchi hizo zilitia sahihi mkataba wa kugawana maji ya mto Indus, na zikaunda tume ya kudumu ya watu wawili, mmoja kila upande, wenye wajibu wa kukutana kila mwaka na kupeana taarifa za mito. Vita vya 1965 vikapita, vya 1971 vikapita, mkataba ukabaki. Wakulima wa Punjab, upande huu na ule, waliendelea kumwagilia mashamba huku majenerali wakitishiana. India iliusimamisha mkataba huo Aprili 2025 tu, baada ya miaka 65. Maadui walioapa kutosameheana waliweza kutenga jambo la chakula na kulipa watu wake, ratiba yake na daftari lake. Congo na Zambia si maadui. Aprili 2022 zilitia sahihi Lusaka makubaliano ya kutengeneza pamoja betri za magari ya umeme, na zina tume ya pamoja ya ulinzi na usalama. Nchi zinazoweza kupanga betri zitashindwaje kupanga unga?

Kinachohitajika si mkutano mwingine mkubwa wa picha na hotuba. Ni mambo matatu madogo. La kwanza, taarifa: upande wowote unaotaka kupiga marufuku bidhaa au kufunga mpaka uandike barua kwa mwenzake angalau siku 30 kabla, na nakala ifike kwa viongozi wa jimbo. La pili, vyakula, dawa na abiria wapite hata wakati wa ugomvi. Wanaogombania bia wagombanie bia. La tatu, kamati ya kudumu ya kukutana kila baada ya miezi mitatu, mara moja Lubumbashi na mara moja Ndola, yenye wajumbe wa wamama wanaovusha mizigo midogo, madereva na wenye vinu vya mahindi, siyo maofisa peke yao. COMESA tayari ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo. Kamati hiyo ingeweza kuhakikisha kwamba unafuatwa pale kizuizini na haubaki kwenye karatasi.

Kuna watakaosema Katiba ya 2006 imeweka mambo ya nchi za nje mikononi mwa serikali ya taifa, na jimbo halina neno. Ni kweli jimbo haliwezi kutia sahihi mkataba. Lakini wabunge wa Haut-Katanga wako Kinshasa, na baraza la jimbo liko Lubumbashi, na kudai hakuhitaji ruhusa. Miji ya mpakani na miji inayoishi kwa mpaka, Likasi ikiwemo, ingepaswa kusikika kabla uamuzi haujatoka.

Wengine watasema wakati huu si wa kulegeza mambo na majirani, Goma na Bukavu zikiwa zimeanguka mikononi mwa M23 mapema mwaka 2025. Hasira hiyo ni ya haki. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza wazi msaada wa jeshi la Rwanda kwa waasi hao, na makubaliano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025 hayawezi kufuta makaburi. Ila hasira ya Goma isiachwe iamue mambo ya Kasumbalesa. Jirani aliyeleta bunduki na jirani aliyechelewesha mahindi si mtu mmoja. Nchi yenye majirani tisa, na vita upande wa mashariki, ina sababu zaidi ya kulinda mlango wa kusini, kwa kuwa ndio unaoingiza chakula na kutoa shaba inayolipia nchi.

Suluhisho la mwisho ni Katanga kulima. Kila serikali imelisema, na mashamba bado yanangoja barabara, mbolea na mikopo. Lakini mahindi hayaoti kwa hotuba, na hadi siku jimbo litakapojilisha, mfuko wa unga utaendelea kutoka kusini. Mvua zikikosekana tena au waziri mmoja akikasirika tena, bei itapanda katika soko la Kikula siku hiyohiyo. Mavuno mazuri ya Zambia yametoa nafasi ya kuzungumza bila haraka, wakati hakuna mwenye njaa upande wowote. Meza iwekwe sasa, kabla kamyo hazijaanza kulala tena barabarani.