Kwanza Swali, Kisha Kifaa

Katika sehemu ya chini ya mto Tana nchini Kenya, kuanzia Kilelengwani hadi Kipini, bahari haikai mahali pake. Maji yanapojaa, hasa bamvua la kiangazi wakati mto umepungua, chumvi hupanda na kuwafikia wakulima wa mpunga. Maji matamu ni mepesi, hivyo huelea juu. Ya chumvi ni mazito, hutambaa chini. Wapokomo wa vijiji vya Ozi na Kau wamelima kwa ujuzi huo vizazi na vizazi: bahari ikiusukuma mto nyuma, tabaka la juu huachiwa liingie mashambani. Tabaka hilo likikosekana, mpunga huungua.

Makala haya yanahusu vifaa vya kuwafundishia wanafunzi kupima ubora wa maji, na msimamo wake ni mmoja: kifaa kichaguliwe baada ya swali la mahali kujulikana. Mara nyingi huwa kinyume. Sanduku la vifaa huletwa, picha hupigwa, kemikali huisha, na sanduku huishia kabatini kwa mwalimu mkuu.

Swali la Kilelengwani ni chumvi. Kifaa chake ni kipima chumvi cha mkononi, kijiti cha betri kisichozidi kalamu nene, kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kikitiwa katika maji ya bahari husoma karibu mikrosimensi 50,000 kwa sentimita. Katika maji matamu ya mto, mamia tu. Na kwa kuwa Tana ina mamba, hakuna mtoto anayepaswa kushuka majini. Chupa hufungwa jiwe na kuteremshwa kwa kamba kutoka mahali salama, kizibo chake kikiwa na kamba ya pili. Ikifika chini, kizibo huvutwa, mapovu hupanda, chupa hujaa. Chupa nyingine huteka maji ya juu. Vipimo viwili, saa, na hali ya maji, kujaa au kupwa: mstari mmoja wa daftari. Baada ya miezi michache darasa lina grafu inayoonyesha chumvi ikifuata mwezi, na hapo hisabati, jiografia na sayansi vimekutana bila kulazimishwa.

Hata hivyo, kipima chumvi hakioni vijidudu. Maji matamu kabisa yanaweza kubeba kipindupindu. Kwa hilo ipo chupa ya salfidi ya hidrojeni, mbinu iliyochapishwa na watafiti wa India mwaka 1982: maji hutiwa katika chupa yenye dawa, yakaachwa kwenye joto siku moja au mbili, na yakigeuka meusi yanashukiwa kuwa na kinyesi. Joto la Tana ya chini linatosha. Mashine ya kutunzia joto haihitajiki. Mwalimu akipima maji ya mto yaliyotulizwa kwa shabu au mbegu za mlonge, wanafunzi wataona wenyewe kwamba maji meupe pia yanaweza kuifanya chupa iwe nyeusi.

Kuna sababu nyingine ya kuweka daftari. Tarehe 7 Septemba 2012 delta ya Tana, hekta 163,600, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Siku tatu baadaye Kilelengwani ilishambuliwa, na watu zaidi ya 30 wakauawa, askari polisi wakiwemo, katika mapigano ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji yaliyochochewa pia na ugomvi wa malisho na maji. Grafu ya shule haiwezi kumaliza uhasama wa namna hiyo. Lakini mtoto wa mkulima na wa mfugaji wakisoma kijiti kimoja, wazazi wao watajadili namba ambayo kila upande umeshiriki kuiandika.

Mahali pa kupeleka namba hizo papo. Kenya imo katika GLOBE, mpango wa shule ulioanza 1995 ambao hupokea vipimo vya maji kutoka nchi nyingi. Nyumbani kuna Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji ya 2016. Nakala ya kwanza, hata hivyo, ibandikwe kijijini, pale wanawake wanapopita na mitungi. Na serikali ya kaunti, inapopanga bajeti, iandike pia vitu vidogo ambavyo wafadhili husahau: betri, chupa mpya, na maji ya kusawazishia kipima kila muhula.