Padre Aliyejenga Daraja



Huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, maji ya mto Camel hupanda na kushuka pamoja na bahari. Zamani watu waliuvuka kwa miguu maji yakipwa. Kila upande palikuwa na kikanisa: msafiri alisali kabla ya kuvuka, na akifika salama alishukuru. Wengine hawakufika.

Husimuliwa kwamba paroko wa Egloshayle, Padre Thomas Lovibond, alihuzunishwa na vifo hivyo vya watu na mifugo. Hakuishia kuwaombea marehemu. Aliazimia kujenga daraja la mawe, likakamilika mwaka 1468, likiwa na matao 17. Limekwisha kupanuliwa, lakini hadi leo magari hupita juu yake.

Wapo wasemao kwamba kazi ya padre ni altare, madaraja ni ya serikali. Tunawaheshimu, ila hatukubaliani nao. Katika karne zile maaskofu wa Uingereza walitoa rehema kwa waliochangia madaraja, kwa kuwa kumvusha msafiri kulihesabiwa kuwa tendo la huruma. Hata Papa huitwa kwa Kilatini Pontifex, neno linalofasiriwa kuwa mjenga daraja.

Sala haikumzuia Lovibond kuuona mto. Sisi mafrateri tutakaotumwa parokiani kesho, nanyi waamini mtakaotupokea, tuulizane: hapa kwetu watu wanaangamia kwenye kivuko kipi? Tukishakijua, tusiishie kuwaombea.