Mwacheni Dada wa Watu Ashone Viraka Vyake, Si Kila Raha ni Fursa

Leo naomba tuongee kitu kimoja ambacho kimenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Kuna msanii mmoja wa kike, jina kapuni, ambaye kwa sasa yuko Marekani, jimbo la Ohio, kaenda kumtembelea dada yake. Kaposti picha tatu. Hana wigi, hana kope za bandia, kakaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba na sweta lake kubwa, majani mekundu yamejaa chini miguuni, na mapajani ana vipande vya vitenge anaviunga kwa sindano ya mkono. Chini ya picha kaandika maneno manne tu: "Siku nzuri, sindano, uzi."

Mliochangia mnajijua. Kundi la kwanza likaja na lake: "Kafulia huyo", "Kumbe kaenda Marekani kuwa fundi nguo", "Hiyo kiki, subirini wimbo". Kundi la pili likaja kiungwana zaidi: "Dada, hiyo ni fursa", "Fungua brandi", "Weka bei tuagize". Kundi la kwanza nimeshalizoea, ndivyo tulivyo. Hawa wa pili, waliokuja na nia njema, ndio walionifanya niandike.

Maana tumefika mahali mtu akifanya kitu kwa ajili ya kujifurahisha tu, tunaona ama kaishiwa, ama kuna biashara anatuficha. Hatuna tena jina la kumwita mtu aliyekaa nje, jua linampiga, mikono inafanya kazi na moyo umetulia. Na mimi nadhani hilo linatumaliza vijana wa mjini kuliko tunavyojua.

Kwanza tuelewane kuhusu hicho anachoshona. Wamarekani wanakiita kwilti. Ni blanketi la tabaka tatu: juu kuna vipande vya nguo vilivyoungwa kimoja kimoja, katikati kuna pamba iliyotandazwa au blanketi kuukuu la kutunza joto, chini kuna kitambaa kizima. Halafu sindano inapita kutoka juu mpaka chini ili tabaka zote zishikane, na ile mishono yenyewe inageuka kuwa mapambo. La kitanda kizima, kwa mkono, linaweza kukula miezi. Kwa hiyo anayesema "kazi ya mtu asiye na kazi" ajaribu jioni moja tu, aje na majibu.

Na wala si ushamba. Katika jimbo la Alabama kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, kwenye kona ya mto. Wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi, wajukuu na vitukuu wa watu waliofanywa watumwa kwenye shamba la pamba hapo hapo. Wanawake wa pale walikuwa wakichukua nguo za shamba zilizochakaa, jinzi zilizopauka magoti, magunia, chochote, wakashona makwilti ya kufunika watoto kwenye nyumba zilizokuwa zikipitisha upepo. Hawakufuata mchoro wa mtu. Kila mmoja alipanga rangi kama jicho lake lilivyomwambia. Mwaka 2002 makwilti hayo yakaoneshwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na wataalamu wa sanaa wakabaki midomo wazi. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikayaweka kwenye stempu.

Sasa najua kuna mdau ameshakurupuka: "Si unaona? Hela hiyo!" Tulia kwanza. Wanawake wa eneo lile waliwahi kuifanya biashara kweli. Mwaka 1966 walianzisha chama cha ushirika cha kushona, na kiliwaingizia kipato wakati ambapo watu weusi wa huko walikuwa wakiadhibiwa kwa kudai haki ya kupiga kura. Hilo ni jambo kubwa, silibezi hata kidogo. Mwaka 1972 ushirika ukapata oda ya kampuni ya maduka ya Sears, kushona foronya za mapambo za kodrai. Oda ni oda: vipimo vile vile, rangi zile zile, foronya hii ifanane na ile. Lakini mabaki ya kodrai wakawa wanaenda nayo nyumbani, na huko kila mtu akayakata na kuyaunga alivyotaka mwenyewe. Baadhi ya makwilti ya kijiji hicho yanayosifiwa sana leo yametokana na hayo mabaki. Yaani hela ilitoka kwenye foronya, na vile vipande vya nyumbani walivishona kwa ajili yao wenyewe. Wanawake wale walivihitaji vyote viwili, na walijua kuvitenganisha.

Sisi ndio tumeshindwa kuvitenganisha.

Nina rafiki yangu huko huko Ohio, anahudumia wazee, shifti ya usiku. Huyu alianza kushona miaka mitatu iliyopita kwa kutumia mabaki ya sare za harusi. Si mnajua Mbongo harusini: kila harusi ina kitenge chake, na kila kitenge kinaacha vipande. Basi akitoka kazini asubuhi, kabla ya kulala, anakaa saa moja kwenye bustani jirani na nyumbani anaunga vipande vyake. Anajua kila kimoja kimetoka kwenye harusi ya nani, zikiwemo ndoa mbili ambazo zenyewe zimeshavunjika ila kitenge bado kipo imara. Alikuwa akinitumia sauti anacheka peke yake.

Shangazi yake akaja kumtembelea, akapiga picha, akaitupa kwenye grupu la ukoo. Ndani ya siku mbili oda kumi na moja. Wengine walituma na kianzio kabisa. "Mwanangu, Mungu kakufungulia mlango," shangazi akamwambia, na kwa mila zetu shangazi akishasema hivyo utamjibu nini? Akaanza. Huyu anataka zambarau tupu, yule anataka lifanane na la fulani, mwingine anauliza kila siku limefika wapi. Ile saa moja ya bustani ikawa saa nne za ndani, taa imewashwa mchana, usingizi umekatwa nusu. Miezi miwili baadaye alikuwa akiona sindano anasikia kichefuchefu. Akarudisha hela za watu. Ukoo ukasema kachezea bahati. Alikaa karibu mwaka mzima hajagusa kitambaa.

Sasa hivi amerudi kwenye viraka vyake, taratibu, na picha haposti. Nilimuuliza kwa nini haoneshi watu, akanijibu, "Nikionesha wataniuliza bei."

Hilo jibu ndilo linanisumbua. Mtu mzima anaficha furaha yake kama anaficha kosa, kwa sababu anajua tutaidai.

Halafu tuseme na hili la kukaa nje. Wapo waliouliza, "Sasa majani makavu ndiyo ya kuposti?" Jamani, muulizeni mtu yeyote aliyeishi kule. Huo msimu wa majani kupukutika wengine wanauita vuli, ingawa vuli yetu sisi ni mvua. Ohio unapendeza zaidi katikati ya Oktoba na kuendelea. Siku zinafupika, mti unaacha kutengeneza ule ukijani wa jani, na njano iliyokuwemo ndani muda wote ikifichwa na kijani ndiyo inatokea. Nyekundu nyingi mti unaitengeneza hapo hapo mwishoni. Inadumu wiki chache, upepo mmoja mkali na mvua vinaimaliza. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma, na baada ya hapo saa kumi na mbili jioni giza limeshaingia. Kinachofuata ni miezi ya kukaa ndani, makoti mazito, na upweke ambao ndugu zetu wengi walioko huko wanaujua ila hawausemi kwenye simu ya nyumbani. Kwa hiyo mtu akipata siku moja ya jua la Oktoba akatoka nje na sindano yake, anajiwekea akiba ya moyo kabla baridi haijafika. Ana akili kuliko sisi tunaomcheka tukiwa tumelala kitandani saa nane mchana na simu usoni.

Na wala huhitaji viza. Oktoba hiyo hiyo mijakaranda ya Arusha na Nairobi inamwaga maua ya zambarau barabarani, tunayakanyaga tukikimbilia daladala na matatu. Kipupwe cha Juni mpaka Agosti kikifika, hata Dar unaweza kukaa barazani saa kumi jioni bila kutoa jasho. Lushoto na Njombe ndiyo usiseme, sweta na kikombe cha chai. Ni lini mara ya mwisho umekaa nje bila kusubiri mtu, bila kupiga picha?

Na kushona pia si jambo la kuletewa. Nani hapa hajakulia kwenye nyumba yenye vitambaa vya kufuma kwenye makochi, juu ya redio, mpaka juu ya friji? Mama zetu walivifuma jioni wakipiga stori na majirani, mmoja akitoa mtindo mpya mtaa mzima unaiga. Nani alimuuliza mama "unauza shilingi ngapi" kabla hajamaliza? Kofia za viua za Zanzibar na Lamu zinashonwa kwa mkono, tundu moja moja, na wanaume wamo wengi katika kazi hiyo. Kwa hiyo kaka unayeogopa kushika sindano usije ukachekwa, wanaokucheka hawajui kofia wanazovaa Idi zimetoka wapi.

Sasa nisikilize hoja ya upande wa pili, maana ina uzito. Kuna mdau atasema, "Wewe unaongelea staa. Mimi kodi ya miezi sita inanisubiri, raha ya bure nitaitoa wapi?" Ni kweli. Fundi aliyeinama kwenye cherehani kuanzia asubuhi mpaka usiku hashoni kupumzika, anashona ale, na akisikia mtu anasifia raha ya kushona ana haki ya kucheka. Ukiwa na njaa na mikono yako inajua kazi, uza, tena uza kwa bei nzuri. Sijasema biashara ni dhambi.

Ninachosema ni kwamba hata fundi huyo ana kitu chake pembeni. Kuna anayecheza bao jioni, kuna anayeimba kwaya, na hakuna anayemwambia "fungua brandi ya bao". Mtu asiye na kona hata moja isiyouzwa, siku biashara ikiyumba hana pa kuegemea. Wengi wetu ile kona tumeshaigeuza duka, na jioni tunabaki kununua bando ili tuangalie raha za wengine.

Kwa mwenye hamu ya kujaribu, mahitaji ni machache. Nenda kwa fundi wa mtaani kwako, muombe kwa heshima mabaki ya vitenge. Wengi wanayo mfuko mzima chini ya meza. Vifue kwanza, maana kitenge kipya kinaweza kuchuja rangi au kurudi. Kata miraba inayolingana, inchi nne kwa nne inatosha, chora kwa chaki na rula. Acha robo inchi pembeni ya kushonea, kila kipande, usibadilishe, la sivyo pembe hazitakutana. Anza na foronya moja, usikurupukie blanketi. Kikipinda, acha kipinde, hakuna mteja. Kaa nje, kwenye mwanga, simu iache ndani.

Na kwa sisi watazamaji, naomba tujifunze kumwambia mtu "imependeza" na kuishia hapo. Usiongeze "unauza?" Kama anauza atasema mwenyewe, Wabongo hatujawahi kuona aibu ya kutangaza biashara.

Haya, uwanja ni wenu. Una kitu gani unachokifanya kwa raha yako tu, ambacho hujawahi kukiuza wala kukiposti? Na yupo aliyewahi kukigeuza biashara kikamtumbukia nyongo? Dondosha komenti hapo chini, tunazisoma zote. Ila bei za watu msiulize.