Kutoka Chuoni Hadi Chuo Kikuu: Nasaha Juu ya Kiingereza

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake.



Kila mwaka vijana wa bonde letu la Kilombero huingia vyuo vikuu. Wapo wanaobaki hapa hapa Ifakara katika chuo cha udaktari cha St. Francis, wapo wanaokwenda Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kufundisha mwaka 2005, na wapo wanaofika Dodoma na Dar es Salaam. Mzazi huuza mpunga, hununua godoro na begi, na dua husomwa. Swali moja huwa haliulizwi: Kiingereza cha kijana huyu kimefika wapi?

Wengi tunadhani aliyemaliza kidato cha sita keshakijua. Tukumbuke alivyosoma. Shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Hivyo hufika chuo kikuu akiwa na Kiingereza cha kati. Anamfuata mhadhiri kwa shida na anajibu maswali mafupi, lakini akipewa kitabu kizima akisome, aseme kwa maneno yake anachokubali na anachokataa, hukwama. Jambo hili si geni. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania, wakaona kuwa katika wale wa chuo kikuu hawakufika asilimia 20 walioweza kusoma kwa wepesi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu na una wenyewe. Kijana anayeanza muhula mwaka huu hawezi kuusubiri uishe.

Basi afanye nini? Wengi hukimbilia madesa. Hukariri karatasi za wenzao, huzimwaga kwenye mtihani, na baada ya wiki hakuna kilichobaki. Wengine huona Kiingereza ni kubana pua na kutamka kama Mzungu. Sisi tunaona vipimo vyote viwili si sahihi. Kipimo chetu ni hiki: ulichokisoma kwa Kiingereza, je, unaweza kumweleza mama yako kwa Kiswahili akakielewa? Ukiweza, umekijua. Ukishindwa, ulibeba maneno tu.

Kipimo hiki kina uzito zaidi kwetu watu wa Ifakara. Utafiti wa malaria umekuwa ukifanyika hapa tangu miaka ya 1950. Mradi wa vyandarua vyenye dawa, KINET, ulioanza mwaka 1996 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulisomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Mbu ni wa mashamba yetu na damu iliyopimwa ni ya watoto wetu, lakini sehemu kubwa ya yaliyoandikwa imeandikwa kwa Kiingereza. Nani atayasoma na kuwarudishia wenyewe? Ni kijana wetu wa chuo kikuu, au hapana mtu.

Kazi hii ina wakubwa walioitangulia. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy (Allah amrehemu) aliisoma elimu kwa Kiarabu, akatupatia tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili, iliyotoka kamili mwaka 1969. Elimu yake ilimfikia hata bibi asiyejua Kiarabu.

Tena njia ya kujifunza lugha ngeni mnayo tayari, mmeipata chuoni. Mwanafunzi wetu akikosea herufi ya dhwad hurudishwa mara kumi mbele ya wenzake, wala haoni haya, na mwenye kumcheka hukemewa na mwalimu. Huyo huyo akifika darasa la Kiingereza hufumba mdomo mwaka mzima, akiogopa kuchekwa kwa kosa moja. Aichukue adabu ya chuoni aende nayo: asome kwa sauti, akosolewe, arudie. Aandike aya moja kila siku na ampelekee anayemzidi amsahihishe, kama alivyokuwa akipeleka ubao kwa mwalimu. Na kama tunavyofanya katika darsa la tafsiri, asivuke neno asilolijua mpaka aulize maana yake.

Kuna jambo moja asilichukue. Kuhifadhi Qur'ani ni ibada hata kwa asiyejua maana ya kila neno. Maandishi ya mhadhiri hayana daraja hiyo. Hayo yanataka kufahamiwa na kuhojiwa.

Tuonye pia juu ya ghishi. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini mna unyevu uliofichwa, akamkemea mwenye kuuza. Sisi watu wa mpunga tunaijua hila hiyo vizuri. Insha iliyonakiliwa kwa rafiki, au iliyoandikwa na simu, ni gunia kavu juu na bichi chini. Siku atakapokabidhiwa mgonjwa au darasa la watoto, ubichi utaonekana.

Kwa wazazi wenye hofu kwamba Kiingereza kitamtoa mtoto katika dini, tunawakumbusha kisa cha Zayd bin Thabit (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na mtu mwaminifu, na Zayd akayamudu kwa muda mfupi. Hakuacha dini yake. Ni yeye aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'ani. Kinachomtoa mtoto katika dini ni kwenda mbali bila malezi, na malezi ni kazi yetu sote, nyumbani na madrasa.

Ombi letu ni moja. Kila mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi likizo aje madrasa siku moja baada ya Alasiri, atusomeshe kwa Kiswahili jambo moja alilolisoma kwa Kiingereza: ugonjwa, sheria ya ardhi, mbegu ya mpunga, lolote. Wadogo zake wamuulize maswali, na wazazi wakae wasikilize. Hapo sote tutajua ule mpunga uliouzwa umezaa nini.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.